Kitako cha Bunduki ya Baba

Kundaeli ameniletea mti tu.
Chuma amekiacha dukani Kiboriloni, kabatini, kufuli mbili,
pamoja na leseni mpya yenye jina lake.
Mti ameuvingirisha kwa kanga ya mkewe
kama mtoto anayepelekwa kliniki,
akapanda nao Mbokomu.

"Dada, fundi rangi ni wewe."
Ni kweli. Nusu ya mabango ya Pasua ni mkono wangu:
saluni, bucha, duka la dawa,
na yule simba wa gereji asiye na miguu ya nyuma,
maana walinilipa nusu.

Anataka mabaka, rangi ya kichaka,
"ili mnyama asinione."
Mnyama gani, Kunda? Wewe unauza vipuri vya pikipiki.
Sikusema. Nikatandika magazeti mezani.

Kwanza msasa.
Hapo ndipo nilipomkuta baba:
pale shavu lake lilipokaa miaka yote ya doria
mti umelainika, unang'aa kama buni.
Na karibu na skrubu, mkwaruzo wangu.
Nilikuwa na miaka tisa, niliiangusha mferejini.
Akanichapa. Kisha akanifundisha kuupaka mti mafuta,
kitambaa kwa duara, duara, polepole.
Mimi. Kundaeli alikuwa mgongoni mwa mama.

Lakini ukoo ulipokaa baada ya maziko
bunduki ikawa ya mwanamume.
Mimi nilipewa sufuria kubwa ya mbege
na maneno mazuri.

Pale pa shavu nikabandika utepe.
Hakuuliza.

Rangi ya chini: vumbi la Boma Ng'ombe, mwezi wa tisa.
Ikakauka.
Kisha sponji ya kuoshea vyombo;
kingo nimezinyofoa kwa vidole, si kwa mkasi,
kichaka hakina kona.
Chovya kidogo. Gonga kwanza kwenye gazeti,
sponji iseme yote iliyo nayo
ibaki na siri tu,
ndipo uguse mti. Inua. Usiburute.
Kijani cha mgomba uliochoka.
Nyeusi ya dari la jikoni.

Akatoka twiga mwenye surua.
Kundaeli alicheka mpaka akakaa juu ya ndoo,
na mimi nikacheka,
mara ya kwanza pamoja tangu matanga.

Nikafunika yote kwa vumbi upya.
"Inataka jani," nikasema, "jani lenyewe,
nilikinge, nigonge pembeni yake."
Akatoka. Nikamsikia akipita migomba,
akipita banda la ng'ombe,
mpaka mpakani.

Akarudi akasimama mlangoni
na jani la isale mkononi.

Nadhani hakujua. Alichuma lililokuwa refu.
Alilelewa mjini kwa shangazi; kwake isale ni uzio.
Lakini alilishika kwa mikono miwili, lisichanike,
na viatu alikuwa amevua, kwa ajili ya tope,
na mimi nilikuwa nimekaa,
yeye amesimama.

Sponji ikaanza kukauka kiganjani.
Huku kwetu mtu akikujia na isale
humwulizi amelichuma kwa nini.
Hata mwenye damu ya ndugu yako
hupokewa.

"Lete," nikasema.

Nikalilaza juu ya mti, nikagonga kijani, nikagonga nyeusi,
nikalibandua taratibu:
jani la vumbi, tupu, kingo kali,
limelala katikati ya mabaka yote.

Jioni tukautundika kwa waya kati ya migomba.
Usiku, Kundaeli amekwisha kulala, nikatoka na tochi ya simu
kuuingiza ndani kabla ya umande.
Niliutafuta, jamani. Nikaupita mara mbili,
mimi niliyeupaka.
Kilichonionyesha ni shavu:
utepe ulikuwa umedondoka nyasini
na pale pakang'aa, mahali padogo, pa kahawia,
urefu wa uso wa mtu mzima.

Kesho ataniuliza mbona hapo hapana rangi.
Nitamwambia sponji iliisha.